Karani Aje Mlangoni Kwangu

Nilinyoosha mkono kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba mkutanoni mtu hunyoosha mkono. Hilo lilikuwa kosa langu, na ninaliandika kwanza ili msomaji asidhani kwamba ninajipendelea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, hapa Gisenyi, kwenye mkutano uliofanyika mbele ya ghala la zamani la kahawa, nyuma ya soko. Mfanyabiashara mwenye ghala alikuwa amehamia Bukavu, na Mbelgiji mkuu wa wilaya akakubali jengo liwe nyumba ya vijana. Kila Jumamosi mchana watoto wa mji wangekuja kujifunza kuogelea, kusuka, kupiga ngoma na kazi nyingine za mikono, badala ya kushinda wakizurura sokoni na ufukweni. Sharti lake lilikuwa moja: wapatikane watu wazima sita wa kuwaongoza, wajitolee bila malipo, kabla ya miezi mitatu kwisha. Wasipopatikana, ghala lingejazwa magunia tena.

Kazi ya kuwatafuta hao sita alipewa karani wa ofisi ya mji. Alikuwa na miaka kama thelathini, mzaliwa wa kusini, amesomeshwa na mapadri muda mrefu. Siku hiyo alipanda juu ya sanduku la mbao, akaeleza mpango wote vizuri, kisha akasema anayetaka kusaidia anyooshe mkono.

Watu wakatazama chini. Kwetu mtu hajitangazi. Ukisimama ukasema unaweza, umewaambia wenzako wote kwamba hawawezi, nao wataanza kujiuliza unatafuta nini. Mtu huombwa. Hufuatwa nyumbani kwake, huketiwa, huletewa kinywaji, huulizwa habari za watoto na za mbuzi, na jambo lenyewe hutajwa mwisho. Naye hukataa kidogo, kwa heshima, kabla ya kukubali. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo. Mimi pia nililijua, lakini nilitaka kazi ile, na gazeti lilikuwa limesema mkono.

"We," karani akasema. "We si fundi wa cherehani?"

"Ndiyo, bwana karani."

"Umesoma wapi?"

"Nimesoma mwenyewe."

Nilisema kweli. Katika mtaa wetu wa Waislamu, mtoto hakupata shule ya misheni bila ubatizo, na baba yangu hakutaka ubatizo. Herufi nilizijua kwenye maandishi ya majora ya vitambaa. Baadaye nikasoma magazeti ya zamani tuliyokuwa tukikatia mifano ya nguo, na mwishowe kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, iliyokatikia herufi M. Nilipofika miaka thelathini na minane nilikuwa nasoma Kiswahili na Kinyarwanda bila kusita, na Kifaransa kwa shida, nusu ya kwanza.

"Mwenyewe!" Karani akawageukia watu. "Bon. Basi endelea kujifundisha mwenyewe. Watoto utuachie sisi."

Watu wakacheka. Kutoka nyuma dereva mmoja wa lori akapaza sauti: "Fundi, shusha mukono! Ama unapima hewa ukaishonee koti?" Wakacheka zaidi. Nikashusha mkono.

Nilirudi barazani kwangu, nikamaliza suruali iliyokuwa kwenye mashine, nikanywa chai. Kisha nikaamua jambo moja, na kwa siku zote zilizofuata sikuamua jingine: karani huyu atakuja mlangoni kwangu, ataketi kwenye benchi langu, na ataniomba kazi hiyo niifanye, kama mtu mzima anavyoombwa. Sikutaka apigwe wala afukuzwe kazi. Nilitaka aje aombe.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Alihitaji watu sita. Mimi mmoja, wabaki watano. Nikiwapata hao watano kabla yake, nao wakakubali kuitika kwangu tu, hatakuwa na njia nyingine ya kupita isipokuwa mlangoni kwangu. Nilichukua wiki nzima kufikiri nani anafaa. Sikutafuta mwenye shule. Nilitafuta mtu ambaye watoto tayari humfuata, anayejua jambo moja kwa mikono yake, na asiyepiga.

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa Nyamyumba, Mkristo, mtu wa makamo mwenye mabega mapana. Kwake huwezi kwenda mikono mitupu, wala huwezi kumpelekea sukari. Hupelekewa urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Mimi sinywi wala sijawahi kuinunua. Nilimtuma jirani akaninunulie kibuyu, nikakifunga kwenye mfuko wangu wa vitambaa, nikashika njia ya kusini kando ya ziwa. Nilipokuwa napita sokoni, mwanamke wa ndizi akanusa.

"Fundi! Leo kitambaa yako iko na harufu ya harusi!"

"Ni rangi mpya," nikasema, nikaongeza mwendo. Nyuma yangu nikasikia wakiulizana ni rangi gani hiyo inayolewesha.

Mvuvi alinipokea, akakitazama kibuyu, akanitazama mimi.

"Muislamu ananiletea pombe. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba."

Tuliongea kwanza juu ya nyavu, mvua, na mke wake aliyekuwa anaumwa mgongo. Kisha nikataja jambo langu. Akakataa, kama ilivyopasa.

"Mi najua kuogelea tu. Kufundisha mi sijui. Na hao watoto, hawana baba?"

"Wana baba, lakini baba zao hawajui maji. Mwaka jana ulimtoa mtoto ziwani pale mbele ya hoteli. Nilikuwepo. Hukumvuta nywele, hukumpigia kelele. Ulimlaza mgongoni mwako, ukawa unamwambia habari za samaki mpaka mkafika. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa jirani yako."

"Uliona ile?"

"Niliona. Ninaomba Jumamosi nne tu. Saa tisa mpaka saa kumi na moja. Wafundishe kuelea, basi. Ukichoka baada ya nne, hakuna atakayekuja kukuuliza."

Nimewaomba watu wengi tangu siku ile, na sijapata njia bora kuliko hiyo. Mwambie mtu ulichomwona akifanya. Mwombe kitu kidogo, chenye mwanzo na mwisho. Mwambie saa. Mtu mzima haogopi watoto. Anaogopa kazi isiyo na mpaka, na anaogopa kuonekana hajui.

Mvuvi alikubali kabla kibuyu hakijafika nusu. Ndipo nikaongeza sharti langu. "Mtu wa ofisi akikuita kwa jambo hili, mjibu neno moja tu: muulize fundi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kwa nini. Akacheka, akanipa samaki wawili wa kurudi nao.

Wa pili alikuwa yule dereva aliyenitania. Nilimchagua kwa sababu mbili. Kila aliposimamisha lori, watoto walilizunguka kumuuliza juu ya injini, naye aliwajibu. Sababu ya pili ni kwamba alinicheka mbele ya mji mzima, na niliona kundi la watoto kila Jumamosi ni adhabu inayomtosha. Alikubali kwa aibu, haraka mno, hata sikupata raha niliyoitarajia.

Wa tatu alikuwa mjane mmoja muuza samaki, aliyekuwa akisuka vikapu hata akiwa anasubiri wateja. Yeye hakudanganyika.

"Niambie ukweli, fundi. Unafanya hii kwa ajili ya watoto, ao kwa ajili ya karani?"

"Kwa vyote viwili."

"Nini ya kwanza?"

"Karani."

Akacheka mpaka akaweka kikapu chini. "Angalau hausemi uongo. Nitakuja. Lakini wasichana wakae mbele, wavulana nyuma, na asiyenawa mikono asiguse nyuzi zangu."

Wa nne alikuwa mwashi wa mtaa wetu, na wa tano mzee mmoja wa Kanzenze aliyejua ngoma. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilikuwa na watu wangu wote, na karani hakuwa na hata mmoja.

Naye hakukaa bure. Baada ya mkutano ule alifanya kosa kubwa kuliko langu. Aliandika barua. Aliuliza majina ya watu wazima wenye heshima, akaandika kwa kila mmoja kwamba afike ofisini siku fulani saa fulani, akagonga muhuri, akampa tarishi. Huyu alikuwa mtu wa kusini aliyesoma nusu zote mbili za kamusi, A mpaka Z, lakini hakujua karatasi yenye muhuri ilikuwa na maana gani mlangoni mwa mtu. Ilikuwa na maana ya kodi. Au ilikuwa na maana ya kazi ya barabara. Na wapo waliokumbuka bado maana ya tatu, ambayo ni kiboko.

Tarishi alipoonekana akija na bahasha, watu walitoka kwa milango ya nyuma. Mwashi wangu alivuka mpaka akakaa Goma kwa shangazi yake siku tisa. Wengine walikwenda Cyanzarwe, wakajikuta wanasaidia kulima mashamba ya shemeji zao. Hata imamu alipata barua, akajifunika blanketi akasema ana homa. Nilipokuwa nikisikia habari hizo nilizidi kushona kwa furaha. Ningeweza kwenda ofisini nikamweleza karani kosa lake kwa dakika tano. Sikwenda.

Aliyekwenda alikuwa mjane peke yake, maana hakuwa akiogopa mtu yeyote aliyevaa viatu. Alinisimulia baadaye. Karani alimkaribisha kwa heshima, akamweleza habari za watoto na za mustakabali, akamwomba awe kiongozi. Mjane akamjibu: "Muulize fundi."

"Fundi gani?"

"Ule unamujua."

Wiki ileile akakutana na mvuvi gatini, akamwomba. "Muulize fundi." Akamwendea dereva, na dereva akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, sauti ikatoka huko chini: "Muulize fundi."

Siku chache baadaye alikuja. Nilimwona tangu kona ya mtaa, akisoma vibao vya maduka kana kwamba hajui ninapokaa. Alikuwa na suruali mkononi. Akasimama mbele ya baraza, akaniomba niipunguze urefu. Suruali ilikuwa sawa kabisa. Nikaipokea, nikaipima, nikamwambia arudi Jumatano. Akasita, akaaga.

Jumatano akaja na koti lililokosa kifungo. Nilikiona kifungo chenyewe mfukoni mwa shati lake. Nikamwonyesha benchi; akasema ana haraka. Nikashona kifungo kingine, akaondoka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Mara ya tatu hakuleta nguo. Alikuwa na kilo ya sukari iliyofungwa kwa karatasi ya ofisi, na jasho juu ya mdomo. Nikamwonyesha benchi tena. Akaketi. Mke wangu akaleta chai. Nikamuuliza habari za mama yake huko kusini, akasema hajamwona mwaka mzima. Nikamuuliza kama mvua za kwao ni kama za kwetu, akasema za kwao ni chache. Alijibu yote kwa utaratibu, kama mtoto anayesomeshwa sala. Kisha akaweka kikombe chini.

"Fundi, nimekuja kukuomba."

Nilikuwa nimesubiri siku sabini na tatu kuyasikia maneno hayo. Nilikuwa nimeziandika. Niliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, ndipo nikamjibu.

"Mimi sina shule, bwana karani."

Akainamisha kichwa. "Nilisema vibaya."

"Ulisema mbele za watu."

"Nitasema tena mbele za watu, nitasema vizuri."

"Maneno hayatoshi."

"Donc, basi unataka nini?"

Hapo nilitaka kumwambia kwamba nilichokitaka nimeshakipata dakika moja iliyopita, na ingekuwa heshima kwangu kama ningesema hivyo. Lakini alikuwa ameketi pale, ananitegemea, na mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka ulivyoshushwa.

"Watu watano ninao, na mimi wa sita. Jumamosi tutaanza. Lakini na wewe utakuwemo. Hutakaa mezani kuandika nani amekuja na nani hakuja. Utaingia majini na watoto, utafundishwa na mvuvi, mpaka ujue kuelea."

Mji wote ulijua kwamba karani hajui kuogelea. Alipotembea barabara ya ziwani alitembea upande wa bustani.

"Mi naogopa maji, fundi," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua," nikasema. "Simama nikupime kaptula."

Nilimpima kwa uangalifu. Kisha, alipokwenda, nikakata kitambaa kizito cha khaki kwa upana wa vidole vinne zaidi kila upande, na miguuni nikaongeza vingine vitatu. Kiunoni nilikaza barabara ili isivuke. Katika miaka ishirini ya ufundi hiyo ndiyo nguo pekee niliyoikosea kwa makusudi.

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto thelathini na mmoja. Mimi darasa langu la kusoma lilikuwa ndani ya ghala, baada ya swala ya alasiri, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kwenda ufukweni kwanza. Nilisimama juu ya mchanga mikono nyuma. Karani aliingia majini hatua kwa hatua, na maji yalipofika mapajani kaptula ikajaa hewa. Ikavimba mbele, ikavimba nyuma. Mvuvi akamwambia ajilaze. Akajilaza, kichwa kikazama, na makalio yakabaki juu kama kibuyu.

"Igikeri! Igikeri!" watoto wakapiga kelele, yaani chura.

"Bwana karani," mvuvi akasema, "kaptula yako inajua kuogelea kukupita we!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mjane alikuwa karibu yangu, naye alicheka, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama wakacheka. Sioni haya kuandika kwamba ile ilikuwa moja ya saa nzuri za maisha yangu.

Karani akasimama, maji yakimtiririka usoni. Akaitazama kaptula yake. Nilingoja atoke, avae, aende zake. Badala yake akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, na hewa ikatoka kwa sauti ambayo sihitaji kuieleza. Watoto wakaanguka majini kwa kicheko. Akaingiza hewa tena, akaitoa tena. Kisha akamshika mkono mtoto mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa amekataa kabisa kuvua shati, akamwambia: "Njoo tuogope pamoja." Mtoto akavua shati.

Jumamosi ya pili walikuja watoto hamsini na wawili. Waliokuwa wakiogopa maji hawakutaka mvuvi, walimtaka karani, kwa sababu mvuvi hajawahi kuogopa na hawezi kuwaambia inavyokuwa. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli na lina faida kwa anayetafuta viongozi wa vijana: anayejifunza pamoja na watoto mara nyingine huwafaa kuliko anayejua. Nisingeliandika kama ningeweza kuliepuka.

Mbelgiji alikuja Jumamosi ya tatu, siku mbili kabla ya muda kwisha. Aliwakuta watu wazima sita kazini. Mjane alikuwa amewapanga wasichana mbele, dereva alikuwa mweusi kwa grisi mpaka viwikoni, na darasani kwangu watoto kumi na mmoja walikuwa wanasoma maandishi ya jora la kitambaa kwa sauti moja. Alitutazama, akatikisa kichwa kwamba vema, kisha akatelemka ziwani, na aliyepigwa begani kwa pongezi alikuwa karani, aliyesimama mbele yake ametota, na kaptula inachuruzika. Ghala likawa letu.

Baada ya hapo karani aliacha barua. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na sukari, anaketi, anauliza habari za mbuzi. Wengine walikuja kwake hata kabla hajawaomba, jambo ambalo sikuwahi kuliona Gisenyi. Walisema kama mtu wa ofisi anaweza kuitwa chura na watoto kila wiki akarudi, wao wanaogopa nini.

Nilikuwa nimemtafutia siku moja ya aibu. Akaichukua akaifanya sifa yake, na mimi ndiye niliyemshonea.

Miezi ikapita. Siku moja alikuja barazani, akaketi kwenye benchi bila kuonyeshwa, akafungua kifurushi. Ilikuwa ile kaptula, imechanika kwenye paja, na kipande kipya cha khaki juu yake.

"Fundi wangu, hii imechoka. Nishonee ingine, lakini iwe vilevile. Vilevile kabisa, unaelewa? Watoto wanaipenda."

"Simama," nikasema.

Nikampima upya, mara mbili, nikaandika. Alipoondoka nikakata kwa kipimo chake halisi, bila nusu kidole cha ziada, nikapiga mishono miwili kwenye kila pindo. Sijawahi kumshonea mtu wa ofisi nguo nzuri kama ile. Alipokuja kuijaribu ilimkaa sawasawa. Akajitazama chini, akaivuta pembeni kwa vidole, haikuvutika.

"Fundi," akasema, "hii haiwezi kuingia hewa."

"Haiwezi, bwana karani," nikamjibu. "Hiyo imeshonwa vizuri."